Kuunda kichakata sauti cha kidijitali kwa spika za kwaya, hadi kiwake bila kompyuta

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa siku mbili na fundi kijana kutoka Tukuyu, aliyeleta karakanani kwangu Uyole jozi ya spika za kwaya pamoja na kadi yenye chipu ya ADAU1701, yaani chipu inayochakata sauti kidijitali. Kadi hiyo ilitoa sauti safi kila ilipounganishwa na kompyuta, lakini ikanyamaza kabisa kila umeme ulipozimwa na kuwashwa tena. Tatizo hilo lilinisumbua hata mimi miaka ya nyuma, na ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya maelezo haya.

Hatua ya 1: Vifaa

ADAU1701 ni chipu ya Analog Devices yenye miguu 48, njia mbili za kuingizia sauti na nne za kutolea. Kwa hiyo kadi moja inatosha spika mbili, kila moja ikiwa na wufa (spika ya sauti nzito) na twita (spika ya sauti nyembamba). Utahitaji pia EEPROM ya 24LC256, yaani chipu ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa, programa ya USB (kifaa cha kuunganisha kompyuta na kadi) yenye chipu ya CY7C68013A, na kompyuta ya Windows yenye SigmaStudio, programu ya kuchorea njia ya sauti, ambayo hutolewa bure. Wapo mafundi wanaopendelea kuandika msimbo kwenye kidhibiti kidogo, lakini mimi nashikilia SigmaStudio kwa sababu njia ya sauti unaiona kwa macho, sanduku baada ya sanduku, na kosa hulitafuti gizani.

Kwa umeme, tumia transfoma na regyuleta ya kawaida ya volti 3.3. Sikubali chaja ya simu katika kazi hii, kwa kuwa kelele zake huingia kwenye sauti na baadaye utapoteza muda kuzitafuta mahali pengine.

Hatua ya 2: Kiwango cha sauti inayoingia

Mguu wa kuingizia sauti una rezista ya kilo-omu 2 ndani ya chipu, na nje huwekwa ya kilo-omu 18. Zikiwa pamoja, chipu hufikia kikomo kwenye volti 2. Miksa nyingi za kanisani huvuka kiwango hicho kwaya inapopaza sauti, na mkwaruzo utakaousikia hauondolewi na kichujio chochote. Badilisha ile ya 18 kwa ya 39, na kikomo kitapanda hadi karibu volti 4.

Hatua ya 3: Mchoro wa krosova

Krosova ni kichujio kinachogawa sauti, nzito ziende kwenye wufa na nyembamba kwenye twita. Weka ya aina ya Linkwitz-Riley yenye mteremko wa desibeli 24 kwa oktava. Kwa wufa ya inchi 12 na honi ya kawaida (twita yenye mdomo wa tarumbeta), anza na hetzi 2,000. Endesha chipu kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, ukitumia kristali ya megahetzi 12.288.

Hatua ya 4: Kuifanya kadi iwake yenyewe

Kwanza ni lazima kuelewa kinachotokea unapobonyeza amri ya kupakia programu. Programu huenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya muda ya chipu, bila kupita kwenye EEPROM. Hivyo sauti nzuri uliyoisikia kompyuta ikiwa imeunganishwa haithibitishi chochote kuhusu EEPROM, ambayo huenda bado ni tupu. Kijana wa Tukuyu alikuwa amepakia programu zaidi ya mara ishirini kwa namna hii, akiamini kwamba kadi ni mbovu.

Kuandika kwenye EEPROM ni amri tofauti. Katika ukurasa wa vifaa wa SigmaStudio, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya sanduku la chipu, kisha uchague kuandika programu ya mwisho kwenye EEPROM. Dirisha likifunguka, jaza ukubwa wa baiti 32,768 na kurasa za baiti 64, kwa kuwa hizo ndizo sifa za 24LC256. Ukubwa wa ukurasa ukikosewa, uandishi utaonekana kukamilika ilhali data imevurugika.

Kabla ya kuandika, pima mguu wa 7 wa EEPROM kwa malitimita. Mguu huo ukiwa na volti 3.3, EEPROM imefungwa na haitapokea kitu, wala SigmaStudio haitakulalamikia. Kadi nyingi za bei nafuu zina jampa (kiunganishi kidogo cha kuchomeka) ya kazi hiyo, lakini usiamini maandishi yaliyochapwa pembeni yake, amini kipimo. Miguu ya 1, 2 na 3 ya EEPROM iwe imeungwa kwenye ethi.

Ukishaandika, hakikisha mguu wa SELFBOOT wa ADAU1701, unaoiamuru chipu iwake yenyewe kutoka EEPROM, una volti 3.3. Halafu zima umeme na uchomoe waya wa programa upande wa kadi, si upande wa kompyuta pekee. Chipu inapowaka yenyewe ndiyo inayoongoza mawasiliano na EEPROM, na programa iliyobaki kwenye nyaya zilezile inaweza kuziba njia.

Haya yote tuliyafanya, na kadi bado ikawa inawaka mara moja na kunyamaza mara tatu. Kisa kilikuwa kwenye riseti, mguu unaoizuia chipu isianze kazi hadi volti yake ipande. Chipu huanza kusoma EEPROM pale riseti inapopanda, na ikipanda kabla umeme haujatulia, usomaji hukatikia njiani. Kijana alikuwa ameongeza kapasita ya mikrofaradi 2,200 kwenye volti 3.3 ili kupunguza kelele, nia njema kabisa, lakini umeme ukawa unapanda polepole kuliko riseti.

Tuliondoa kapasita hiyo. Kisha tukaweka rezista ya kilo-omu 10 kutoka volti 3.3 hadi riseti, na kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka riseti hadi ethi, ili riseti ichelewe kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Usisahau dayodi ya 1N4148 sambamba na rezista, upande wenye mstari ukielekea volti 3.3. Bila dayodi hiyo, umeme ukikatika na kurudi upesi, kapasita hubaki na chaji na riseti haitokei. Mahali ambapo umeme hushuka bila kuzima kabisa, hata njia hii haitoshi. Hapo tumia MAX811 aina ya T, chipu ndogo ya kusimamia riseti, ambayo hushikilia riseti hadi volti zipite 3.08. Sasa naiweka katika kila kazi inayokwenda kanisani.

Hatua ya 5: Twita na ucheleweshaji

Usiunge twita kwenye amplifaya kabla ya kuweka kapasita ya mikrofaradi 20 isiyo na polariti mfululizo nayo. Kwa twita ya omu 8 itazuia sauti zilizo chini ya hetzi 1,000 hivi, yaani chini ya hetzi za krosova, na itailinda siku programu ikipakiwa vibaya.

Kiwambo cha honi kwa kawaida kiko nyuma ya wufa, kwa hiyo inayocheleweshwa ni wufa. Kwa tofauti ya sentimita 14, ucheleweshaji ni kama sampuli 20. Watu huniuliza kuhusu baridi ya Juni, kwa kuwa sauti husafiri polepole zaidi hewa ikiwa baridi, lakini kutoka nyuzi 20 hadi 10 badiliko halifiki hata nusu sampuli, kwa hiyo liache. Geuza polariti ya twita (badilisha waya wake wa chanya na hasi), cheza toni ya hetzi 2,000, na ubadilishe ucheleweshaji sampuli moja moja ukiwa umeweka maikrofoni mbele ya spika, hadi sauti ifikie kiwango cha chini kabisa. Hapo rudisha polariti.

Kisha andika upya EEPROM, chomoa programa, na uzime na kuwasha umeme mara kumi kabla ya kufunga sanduku.