Kukusanya noti za zamani za Burundi ukiwa Nairobi

Nauza vitenge na leso Biashara Street, na mkobani sikosi kile kikuzaji kidogo cha kukunja tunachohesabia nyuzi za kitambaa. Kinunue hicho kabla hujanunua noti hata moja. Kinaonyesha wino ulivyokaa kwenye karatasi vizuri kuliko kamera ya simu, na kwa noti za Burundi wino ndio kila kitu.

Anayeanza hutaka noti za Afrika nzima. Mimi husema chagua nchi moja ndogo, tena kipindi kifupi. Burundi kuanzia 1960 hadi 1966 inakutosha kwa miaka mingi, kwa sababu kila utawala ulipobadilika, serikali haikungoja noti mpya. Ilichukua zilizopo na kuzipiga chapa juu, yaani kuchapa maneno mapya juu ya yale ya zamani. Ukiziweka mezani kwa mpangilio unaona nchi ikibadilisha jina mbele ya macho yako.

Anza na zile zilizoandikwa Banque d'Emission du Rwanda et du Burundi. Ni noti za wanyama: ya 10 ina kiboko, ya 20 mamba, ya 500 kifaru, ya 1,000 punda milia. Nchi zote mbili zilizitumia, hata baada ya kupata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Mwaka 1964 pesa zikatengana, na Burundi ikazipiga noti hizohizo neno BURUNDI kwa herufi kubwa. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kutafuta. Ya pili ni noti za ufalme zenye maneno Banque du Royaume du Burundi. Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: tarehe 28 Novemba 1966 Kapteni Micombero alimpindua Mwami (yaani mfalme) Ntare wa Tano, ambaye mwenyewe alikuwa amemwondoa baba yake, Mwambutsa, Julai ya mwaka huohuo. Noti za ufalme zikapigwa chapa nyeusi, DE LA REPUBLIQUE kwa Kifaransa na YA REPUBLIKA kwa Kirundi.

Itazame ya faranga 100 kwa utulivu. Ina sura ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa Usumbura (Bujumbura ya leo) tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru alioupigania. Ufalme umefutwa kwa wino, mwana wa mfalme ameachwa. Jamhuri iliendelea kumweka kwenye noti zake za 100, na mwaka 2004 ikamweka tena kwenye ya 10,000, pamoja na Rais Melchior Ndadaye. Mkusanyaji wa Burundi asiye na Rwagasore hata mmoja bado hajaanza.

Sasa kwa kuwa chapa ndiyo inayopandisha bei, chapa ndiyo inayoghushiwa. Noti ya kawaida iliyochakaa inapigwa maneno leo, inauzwa kama ya 1966. Hapa ndipo kikuzaji kinapofanya kazi. Tafuta mahali ambapo mkunjo wa noti unapita katikati ya herufi za chapa. Noti halisi ilipigwa chapa ikiwa mpya, ikakunjwa baadaye mifukoni mwa watu, kwa hiyo mkunjo umeukata wino, na utaona ufa mweupe ndani ya herufi. Ya kughushi ilikunjwa kwanza, ikapigwa chapa baadaye. Wino umezama ndani ya mkunjo na kutambaa pembeni kwenye nyuzi za karatasi zilizolegea. Sisi wa vitambaa hilo tunalijua: rangi hukimbilia palipolegea. Kagua mikunjo yote, si mmoja.

Jambo la pili ni wanga. Kuna wauzaji wanaofua noti, wanaitia wanga na kuipiga pasi ili ionekane haijawahi kutumika. Ishike pembe moja na uinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Iliyotiwa wanga ni ngumu lakini haina uhai, mng'ao wake ni sawa kila mahali, na alama za mikunjo ya zamani zinabaki kama mistari myembamba hata baada ya pasi. Ukiinusa mara nyingine utasikia sabuni. Kama una ile taa ya zambarau ya kukagulia pesa, izime taa ya duka uimulike: karatasi ya noti inapaswa kubaki na giza, karatasi ya kawaida ya ofisini hung'aa.

Kuhusu kupata. Vibanda vya vinyago pale City Market huwa na bakuli la noti za nchi mbalimbali. Pitia pole pole, usionyeshe hamu. Ila chanzo kizuri zaidi ni watu. Nina wateja Warundi wanaonunua vitenge kwa jumla, na mzee mmoja kati yao alinitolea noti ndani ya Biblia: "Mama, hii ni ya wakati wa Mwami." Nilimwomba kwanza anieleze aliipataje, nikaandika, ndipo tukazungumza bei. Usimpunje mzee wa watu kwa sababu hajui thamani. Mwonyeshe bei za minadani kwenye simu yako, mkubaliane.

Kwa mfuko mdogo anza na noti za karibuni, za 10 zenye ramani ya nchi na za 20 zenye mcheza ngoma, ambazo mara nyingi hupatikana mpya kabisa kwa shilingi mia au mia mbili. Za ufalme safi ni maelfu. Pia uliza za 5,000 na 10,000 zenye tarehe 04.07.2018: Juni 2023 benki kuu ya Burundi iliziondoa na kuwapa watu siku kumi tu kuzirudisha. Sisi tuliokimbizana na elfu moja ya zamani ya Kenya ilipoondolewa mwaka 2019 tunajua wangapi hubaki nazo droo. Na soma tarehe kila mara, maana noti za Burundi huandikwa siku, mwezi na mwaka. Sura ileile ikiwa na tarehe nyingine au sahihi nyingine ni noti nyingine kwa mkusanyaji.

Kutunza ni rahisi. Vifuko viwe vya poliesta, si plastiki laini inayonuka. Usilaminishe, tafadhali, najua Nairobi tunalaminisha hadi risiti. Usiweke selotepu, wala usipige pasi. Weka kabati la ndani, mbali na ukuta unaopata unyevu Julai. Andika kwa penseli kwenye kikaratasi cha pembeni: tarehe, bei, na habari uliyopewa na aliyekuuzia.

Hatua zote tatu zikikamilika, geukia upande wa pili: noti zilezile za wanyama, safari hii zikiwa na chapa ya Banque Nationale du Rwanda.