Kufunga fenda pana kwenye Altezza: anza na tairi, grainda iweke mbali kwanza

Wakuu, mwezi huu peke yake wamekuja vijana watatu hapa uwani kwangu Tabata, kila mmoja kabeba fenda za faiba kwenye buti na swali ni lile lile, "fundi, tukate wapi?" Nawauliza rimu ziko wapi, wananiambia bado wanajipanga. Sasa mdogo wangu nikate kwa kipimo cha nini? Fenda inafuata tairi, tairi haifuati fenda, hilo ukilikosea mwanzo kila kitu kitakachofuata utakuwa unapaka puti kuficha.

Naelezea kwa Toyota Altezza mana ndo gari nimeifanya mara nyingi, ila Mark II, Chaser na wenzake mambo yanafanana.

HATUA YA 1: Rimu na hesabu yake

Altezza ni bolti 5 kwenye duara la milimita 114.3. Chukua mfano una rimu ya upana wa inchi 7 yenye ofseti 50 (ofseti ni milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu inapofungwa rimu) na unataka kuweka ya inchi 9 na nusu ofseti 15. Nusu ya inchi 7 ni kama milimita 89, toa 50 inabaki 39, hiyo ndo inayotoka nje kuanzia uso wa habu. Rimu mpya nusu yake ni 121, toa 15 unapata 106. Maana yake rimu inatoka nje milimita 67 zaidi, kila upande. Afu angalia ndani: ya zamani 89 jumlisha 50 ni 139, mpya 121 jumlisha 15 ni 136, kwahiyo upande wa shokapu umepata hata nafasi ya milimita 3. Watu wanaogopa rimu pana itagonga shokapu kumbe ofseti ndo inaamua.

Hizo 67 sio zote fenda ibebe, mana rimu ya zamani ilikuwa imezama ndani kidogo. Weka rula iliyonyooka wima kwenye ukingo wa fenda, pima imezama ngapi, toa. Ikizama 15 basi unahitaji fenda inayofunika kama 52 na zaidi kidogo. Ukitumia spesa (bamba la kusogeza rimu nje) zile za kuchomeka tu hakikisha nati inazunguka angalau mara 8 kabla haijabana, chini ya hapo badilisha stadi (zile bolti za kwenye habu) uweke ndefu, tusiuane.

HATUA YA 2: Lalisha gari mpaka mwisho

Hapa ndo wengi wanaruka. Gari ikae kwenye stendi (sio jeki peke yake, na sio tofali), toa springi, rudisha shokapu tupu, funga tairi mpya, afu ingiza jeki chini ya mkono wa sespensheni inua tairi mpaka igote juu kabisa. Hapo ndo unaona ukweli tairi inakaa wapi gari likipiga tuta limebeba watu wanne nyuma. Mbele zungusha stelingi mwisho kulia, mwisho kushoto, uone inagusa wapi. Chora kwa maka peni ukiacha kama sentimita 2 juu ya tairi. Huo ndo mstari wako wa kukata, sio ule uliouona kwenye picha.

HATUA YA 3: Kukata

Mbele rahisi, fenda ni bati moja na inafungwa kwa bolti, ukiharibu unaenda Shaurimoyo unatafuta nyingine maisha yanaendelea. Nyuma ndo kuna kazi. Nyuma kuna bati mbili, la nje na la ndani, zimekutana kwenye ukingo wa tairi, na ukishakata ule ukingo umeziachanisha. Ukiacha hivyo ukafunika na faiba gari linapendeza kabisa ila umetengeneza mdomo wa kuingizia maji.

Nasema kwa uchungu mana gari langu mwenyewe la kwanza nilifanya hivyo. Nilikata, nikapiga riveti, nikatamba mtaani. Masika ilipoingia nikawa nasikia maji yanacheza kwenye buti kila nikifunga breki, nikadhani mpira wa mlango wa buti umechoka nikanunua mpya. Mwaka uliofuata nafungua fenda nakuta bati linamenyeka kama chapati ya maji. Na kwa sisi tunaopaki karibu na bahari, kule Msasani au Kigamboni, kutu haina subira.

Kwahiyo fanya hivi: kata bati la nje kwenye mstari wako. La ndani usikate sawa na la nje, liache refu chini kama sentimita 3, afu lichane chane vipande kila sentimita 2 na nusu hivi, uvikunje kuelekea nje mpaka vilale kwenye bati la nje. Chomelea kwa nukta nukta, nukta moja hapa nyingine kule, usipige mstari mrefu bati likapata moto likajikunja. Kabla ya moto toa betri waya zote, ng'oa zulia na siti za nyuma, na upande wenye bomba la kujazia mafuta ukae na mtu ameshika mtungi wa kuzimia moto, kama bomba linatoka litoe na uzibe tanki. Ukimaliza piga praima ya zinki, afu sila ya bodi (ile ya kuzibia maungio) pande zote mbili, usione uvivu. Mwaga ndoo ya maji kwenye eneo lile, angalia ndani ya buti.

HATUA YA 4: Kupachika fenda

Faiba ya mkono haijawahi kutoka sawa kulia na kushoto, zoea. Ishikilie kwa masking tepu, pima kutoka katikati ya habu kwenda ukingo, pande zote, afu rudi nyuma hatua kumi uangalie kwa macho. Macho yakikataa na rula ikikubali, sikiliza macho.

Mi sipendi riveti za kupiga moja kwa moja. Natumia nati za riveti za M6 (nati inayobanwa kwenye tundu la bati ili bolti ya milimita 6 ikazwe humo), tundu kwenye bati milimita 9, lipake praima kabla hujaingiza. Kwenye faiba toboa milimita 7 ili bolti iwe na pumzi, ikibana sana faiba inapasuka kwenye matundu kwa jua na mtikisiko. Weka washa pana. Anza kutoboa katikati ya tao ukienda pembeni, kila sentimita 10 mpaka 12. Kati ya fenda na bodi weka ule mpira wa ukingo, bila mpira faiba inasugua rangi mpaka bati.

Ukitengeneza faiba mwenyewe, hadina (dawa ya kugandisha) ni asilimia 1 mpaka 2 ya resini (ule uji wa faiba), na kwa joto la Dar mchana wa Januari baki kwenye 1. Nishawahi kuchanganya kopo zima saa nane mchana, nageuka kuchukua brashi kopo linatoa moshi.

HATUA YA 5: Rangi

Fupi tu: msasa 180, puti kidogo, 320, praima, 800 ya maji, rangi. Piga rangi fenda zikiwa zimetolewa, asubuhi, siku isiyo na mvua. Na kama unabadilisha rangi ya gari zima kumbuka rangi imeandikwa kwenye kadi, ikabadilishwe.

HATUA YA 6: Barabarani

Rudisha springi, jaza watu wanne, tafuta matuta, pita taratibu halafu kidogo kwa kasi. Baada ya kilomita 100 kaza nati za tairi na bolti za fenda tena. Wiki ikiisha toa tairi, piga tochi ndani, kama kuna sehemu sila imeng'aa tairi inagusa hapo, chukua nyundo ulaze bati hapo tena. Na kwenye foleni kumbuka gari limeongezeka karibu sentimita 10 kwa jumla, wenye bajaji hawana hiyo taarifa.