Somo: Kumkausha tarantula wako aliyekufa, kwa sisi wa nyanda za baridi

Kabla ya kushika mkasi, hakikisha kweli amekufa. Tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, akilala chali mara nyingi anajivua gamba, na ukimvuruga wakati huo utamuua wewe. Aliyekufa kwa kawaida huwa kifudifudi, miguu yote imejikunja chini ya mwili kama ngumi. Buibui hunyoosha miguu kwa msukumo wa maji ya mwilini. Uhai ukitoka msukumo nao unaisha, miguu inajikunja. Tena asubuhi za Julai hapa Uyole, Mbeya, buibui mzima anaweza kupoa akakaa kimya kabisa. Mweke kwanza mahali penye joto, umtazame mpaka kesho yake.

Vifaa: mkasi mdogo wenye ncha, kibanio cha nyusi, pamba, spiriti ya duka la dawa, pini za fundi cherehani, gundi, glavu, na kipande cha lile povu jeupe linalofungashiwa TV. Sokoni Mwanjelwa vyote vipo.

Kama huna nafasi leo, mfunge kwenye mfuko umtie friza. Wenye friza waambiwe mapema, maana wapo watakaohama nyumba.

1. Kumlainisha. Akiwa ameshakakamaa usilazimishe mguu, utakatika. Tandika karatasi ya chooni yenye unyevu ndani ya kopo la plastiki, mweke juu ya kifuniko kidogo asiguse maji, funga. Siku moja au mbili viungo vitalegea. Usipitilize, ataoza.

2. Tumbo. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Sehemu ya mbele ina gamba gumu na miguu ni myembamba, hivyo hukauka yenyewe. Tumbo ni mfuko laini uliojaa majimaji. Ukiliacha lilivyo litanuka, kisha litasinyaa kama zabibu kavu. Mgeuze. Upande wa chini utaona mabaka manne ya mapafu. Kata mstari mmoja mfupi katikati, kuanzia nyuma ya mabaka hayo kuelekea kwenye vichuchu vya kutolea uzi, usivifikie. Toa vilivyomo kwa kibanio, taratibu, kisha pangusa ndani kwa pamba yenye spiriti mpaka itoke safi. Jaza vipande vidogo vidogo vya pamba kavu hadi umbo lake la kawaida. Wengi hujaza mno, wakapata buibui mwenye mimba. Ziba kwa tone la gundi. Muda wote huo usimsugue mgongoni, manyoya hayarudi.

3. Kumpanga. Pini hazimtoboi. Zichomeke kwenye povu zikipishana juu ya kila mguu, ziushike pande zote. Ukihesabu miguu kumi usishtuke: ile miwili mifupi ya mbele ni viguso.

4. Kumkausha. Kivulini, penye hewa, wiki mbili hadi nne. Juani rangi hupauka. Juu ya jiko la mkaa miguu hukauka ghafla ikavunjika. Kuanzia Novemba mpaka Aprili hewa yetu ni mbichi, kwa hiyo mtie kwenye boksi lililofungwa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Sisimizi nao ni wezi: simamisha boksi kwenye sahani ya maji.

Akikauka, kisanduku cha kioo na kidonge cha nondo pembeni. Vanishi hapana, inagandisha manyoya.

MASWALI

Tukuyu: Mkuu, wangu ameota ukungu mweupe miguuni, nimtupe?
– Usimtupe. Chovya brashi laini kwenye spiriti, mpitishie kidogo kidogo, kisha mrudishe boksini na vipakiti vipya. Huko kwenu mvua haina likizo, kisanduku kisiwe na upenyo.

Iringa: Mwalimu, naweza kutumia formalini ya maabara ya shule?
– Iache. Ni sumu kwa macho na mapafu, na inakakamaza viungo. Kama hutaki kupasua, mtie mzima kwenye chupa ya spiriti ya asilimia 70, ndivyo makumbusho wanavyohifadhi buibui. Ukiwa na ya asilimia 95, changanya vikombe vitatu vyake na kimoja cha maji. Rangi itafifia, lakini hataoza.

Mbalizi: Wangu ni Brachypelma, jamii ya tarantula wa Mexico. Nikimshika vidole vinawasha ingawa amekufa.
– Ni manyoya ya tumboni. Wa Amerika wengi wanayo, na hubaki yakiwasha hata baada ya kifo. Wa kwetu Afrika hawana. Vaa glavu, barakoa na miwani, na usimpulizie.

Makambako: Mguu umekatika wakati wa kumpanga.
– Subiri vyote vikauke, gundi tone dogo kwa ncha ya pini. Na dada, kama una gamba alilojivua zamani, lilainishe ulipange vivyo hivyo. Halina tumbo la kuoza, unaweza kuanza nalo kujifunzia.