Kuendesha nodi ya Bitcoin nyumbani bila kujitafutia kesi

Natengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Rafu ya juu kabisa, nyuma ya katoni la chaja mbovu, kuna laptopu kuukuu ya Dell ambayo haizimwi ila stima ikipotea. Hiyo ndiyo nodi yangu ya Bitcoin, ile pesa ya kidijitali: kompyuta inayotunza na kuhakiki daftari lake kwa kushirikiana na nyingine duniani. Juzi Salim, mtoto wa kaka yangu, aliikodolea macho akaniuliza, "Ami, ni kweli ndani ya hicho kidude mna picha chafu?"

Nikamwambia yawezekana zimo, na mimi sijawahi kuzitafuta. Hapo ndipo penye siri yote ya kuendesha nodi, na yaliyobaki ni maelezo.

Bitcoin ni daftari la miamala, lakini tangu siku ya kwanza watu wamekuwa wakiandika pembeni. Satoshi mwenyewe, mwasisi wake, tarehe 3 Januari 2009, alitia kichwa cha habari cha gazeti la The Times ndani ya bloku ya kwanza, yaani ukurasa wa kwanza wa daftari. Wakafuata wenye dua, wenye matusi, wenye barua za mapenzi, halafu wenye picha. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha RWTH Aachen na cha Goethe, Ujerumani, walifukua daftari lile wakakuta faili zipatazo 1,600 zisizohusu pesa. Miongoni mwake palikuwa na picha moja waliyoiona kuwa ya udhalilishaji wa mtoto, na orodha mbili zenye viungo 274 vya kuelekea kwenye uchafu wa namna hiyo. Mwaka uliofuata picha za aina hiyo zikatiwa kwenye Bitcoin SV, daftari jingine lililochipuka kutoka ukoo wa Bitcoin. Kilichoandikwa kwenye daftari hili hakifutiki, na kila mwenye nodi inayotunza daftari zima anayo nakala yake.

Nafasi nayo imezidi kupanuka. Ordinals, njia ya kubandika picha na maandishi ndani ya miamala, zilipokuja Januari 2023, picha nzima zikaanza kupandishwa. Oktoba 2025 toleo la 30 la Bitcoin Core, programu ya nodi inayotumiwa na wengi, likaruhusu OP_RETURN, ile sehemu ya maandishi iliyokuwa na kikomo cha kawaida cha baiti 80, kufika baiti 100,000. Ukazuka ugomvi, waliopinga wengine wakahamia programu mbadala ya Knots. Kwa maoni yangu kelele zilipita kiasi, maana mwenye nia mbaya alikwisha kuwa na njia. Lakini hoja yao moja naikubali: picha ya Ordinals imekatwakatwa vipande vya baiti 520, na ya OP_RETURN inaweza kukaa nzima, mfululizo. Mbele ya hakimu tofauti hiyo huenda ikawa na maana.

Sasa sheria. Mimi si wakili, nina bisibisi tu, ila kusoma najua. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 24, inakataza kuchapisha, kupakua, kusambaza na hata kumiliki picha za ngono za watoto kwenye kompyuta. Adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 20, au kifungo cha miaka 25, au vyote viwili. Soma tena mwanzo wa kifungu hicho utaona neno moja: kwa kukusudia. Mwenye nodi anasimama juu ya neno hilo. Ndugu zangu wa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, inagusa kuchapisha na pia kuwawezesha wengine kuzifikia picha hizo. Hilo la kuwawezesha wengine ndilo la kuangalia sana.

Kwa hiyo kazi yako ni kuipanga mashine hivi kwamba mtu yeyote akiikagua aone mwenyewe kuwa hukukusudia.

Anza kwa kuweka Bitcoin Core toleo la 28 au la baadaye, na uweke upya kabisa. Kuanzia toleo hilo faili za bloku huvurugwa kwa ufunguo kabla ya kuandikwa kwenye diski, kwa hiyo picha haikai pale kama picha. Kuna kisa nyuma yake: mwaka 2014 mtu alitia alama ya kirusi cha zamani kiitwacho Stoned ndani ya daftari, na programu ya Microsoft ya kuzuia virusi ikaanza kupiga ukelele kwenye kompyuta za watu wasio na hatia. Angalizo: ukipandisha toleo juu ya folda yako ya zamani, haivurugwi. Ifute, upakue tena. Ndiyo, bando litalia.

Kisha pogoa. Fungua bitcoin.conf, faili la mipangilio ya nodi, uandike prune=550. Nodi itazipitia bloku zote tangu 2009, izihakiki, halafu izitupe na kubaki na megabaiti 550 za karibuni tu, badala ya zaidi ya gigabaiti 600. Pesa zako ziko salama vilevile. Chini yake andika listen=0, nodi isipokee wageni, yaani nodi za wengine, wanaobisha hodi kutoka nje. Bado itawahudumia wale ambao yenyewe imewafuata, ila haina tena ghala la kuwagawia.

Halafu kuna la kutofanya, nalo nimelipata kwa aibu. Mwaka 2023 nilikuwa na televisheni kibandani, nikaona nivutie wateja: nikafungua ukurasa unaoonyesha picha za Ordinals zinavyoingia, moja baada ya nyingine. Katuni, nyani, vichwa vya mifupa. Akaja mama mmoja na bintiye wa miaka kama saba kuchukua simu, na ghafla kioo kizima kikajaa mwanamke uchi. Niling'oa waya ukutani. Yule mama alilipa bila kusema neno, na hajarudi tena. Ingekuwa picha mbaya kuliko ile, ningemweleza nini polisi? Nodi haikunionyesha chochote miaka yote. Aliyefungua ukurasa ni mimi. Basi usiweke programu ya kufasiri picha kwenye nodi, na usifungulie umma ukurasa wa namna hiyo kwenye seva yako. Hapo umeacha kuwa mtunza daftari, umekuwa mchapishaji.

Na ukikutana na picha ya mtoto bila kutafuta? Usiihifadhi. Usipige picha ya kioo. Usiirushe kwenye kikundi cha WhatsApp ukidai ni ushahidi, maana hapo ndipo kukusudia kunapoanza. Nakili namba ya muamala tu, zile herufi na tarakimu 64, na saa uliyoiona. Piga 116, simu ya watoto, ambayo ni hiyohiyo Kenya na Tanzania, au, kwa Kenya, nenda kwenye kitengo cha ulinzi wa watoto cha DCI, idara ya upelelezi.

Limebaki moja, ambalo watu hawalihesabu kuwa hatari: kuandika habari za watu kwenye daftari. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 40, inampa mtu haki ya kudai data zake zisahihishwe au zifutwe. Utafuta vipi usichoweza kufuta? Kuna wanaodhani wakigeuza namba ya kitambulisho kuwa alama ya siri (hashi), ambayo haigeuziki kurudi kuwa namba, wamemaliza. Kitambulisho chetu tulichozoea kina tarakimu zisizozidi nane, yaani namba zisizozidi milioni 100. Laptopu yangu ile ya rafuni inazijaribu zote kabla chai haijapoa. Ukilazimika, changanya namba na neno refu la kubahatisha, ndipo ugeuze, na neno hilo ulitunze nje ya daftari. Siku mwenyewe akidai afutwe, unaharibu neno lile na alama inabaki haina mwenyewe.

Mimi sikuyajua hayo mwaka 2020. Salim alipomaliza kozi ya kompyuta nilitaka kujigamba, nikaandika jina lake kamili na namba ya kitambulisho ndani ya OP_RETURN. Baiti 80 zilitosha na zikabaki. Alicheka siku ile. Siku hizi, kila akipita kibandani hutazama juu ya rafu akauliza, "Ami, bado nimo mle?" Mle hayumo, nilishapogoa. Yumo kwa wenzangu wote ambao hawakupogoa.