Jinsi ya kuomba kuahirisha masomo ya udaktari kabla hujadisko, yaani hujaondolewa chuo kwa kufeli

Wanafunzi wengi wa MD (shahada ya udaktari) waliingia chuo na Divisheni Wani ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), wengine ya pointi tatu, yaani A zote, na hawakuwahi kufeli kitu tangu shule ya msingi. Wakipigwa sapu (mtihani wa marudio kwa aliyefeli somo) ya anatomia na baiokemia mwaka wa kwanza, wanaona aibu kumwambia mtu. Wanajificha mpaka UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, inafika. Mwongozo huu ni wa hao, na zaidi ni wa wenzao wa chumba na viongozi wa darasa, kwa sababu ndio wanaoona mapema kuliko mwalimu.

Kukosa mhadhara si dalili kubwa, nusu ya darasa hukosa. Mwangalie anayekwepa praktiko, anayejibanza nyuma ya wenzake kwenye raundi ya kuzungukia wagonjwa ili asiulizwe, ambaye rotesheni (zamu ya kujifunza katika idara moja ya hospitali) inakaribia kuisha na kitabu chake cha kusainiwa kazi alizofanya hakina saini hata tano. Mwangalie anayelala mchana kutwa na kukesha bila kusoma. Huyo usimwambie "kaza". Nenda naye, kwa miguu yenu, hadi ofisi ya mshauri wa wanafunzi.

Kwanza amueni ombi gani linamfaa. Sapu moja si sababu ya kuahirisha mwaka, asome, akaifanye. Akiugua wiki ya mitihani tu, aombe mtihani maalumu, ambao kwa kawaida huhesabiwa kama mtihani wa kwanza, tofauti na sapu. Kuahirisha mwaka kunamfaa mwenye ugonjwa wa muda mrefu (msongo na sonona vikiwemo), uzazi, msiba mzito nyumbani au ada iliyokwama kabisa.

Kisha fungueni kanuni za mitihani za chuo chenu, zile zilizomo kwenye prospektasi, mtazame tarehe ya mwisho. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Ombi lipelekwe kabla ya mtihani. Ukishaingia chumba cha mtihani na kusaini karatasi ya mahudhurio, umetangaza kuwa uko fiti, na ripoti ya hospitali utakayoileta baada ya matokeo itasomwa kwa mashaka.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Vyuo vyetu vingi huandikiana kwa Kiingereza, kwa hiyo iandike hivyo. Taja jina kamili, namba ya usajili, mwaka wa masomo, sababu, unaanza kuahirisha lini na unatarajia kurudi lini. Ipitie kwa mkuu wa idara na mkuu wa skuli (kitivo) kabla ya kufika ofisi ya taaluma. Usimwage siri zako zote humo. "Kama ilivyoelezwa kwenye ripoti ya daktari iliyoambatishwa" inatosha. Ripoti iwe na mhuri, na iseme muda wa matibabu. Kwa sababu za kifamilia, barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji husaidia.

Toa nakala mbili na ugongewe mhuri wa kupokelewa kwenye ya kwako. Barua hupotea mezani, na bila mhuri huo huna cha kuonyesha.

Usifungashe mizigo kabla ya jibu la maandishi. Ukiondoka kwa ahadi ya mdomo, kwenye kumbukumbu wewe ni mtoro, na utoro nao huweza kukufukuzisha chuo. Kama ugonjwa haukuruhusu kusubiri, mzazi au kiongozi wa darasa afuatilie kwa niaba yako.

Mwenye mkopo apite pia kwa afisa mikopo wa chuo na nakala ya kibali, ili Bodi ya Mikopo ijue. Na asisaini bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) la kipindi ambacho hayupo masomoni, hata jina likitoka. Pesa hiyo itakuja kudaiwa.

Kurudi nako kuna barua yake. Iandike wiki kadhaa kabla muhula haujafunguliwa, ukiambatisha cheti cha daktari kwamba unaweza kuendelea. Utaingia darasa lililokuwa nyuma yako. Kama uko miaka ya wodini, muulize mapema mratibu uko kundi gani la rotesheni, na uhakikishe umesajiliwa kwenye mfumo, maana alama za ambaye hajasajiliwa hazina pa kuingizwa.