Jinsi ya kuona viumbe wa bahari ya kale kwenye mawe ya Amboni, Tanga

Watu wengi wakienda mapango ya Amboni wanarudi na picha za popo na za yale maumbo ya mamba, tembo, sijui meli, afu wanasema wameona visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyobaki kwenye jiwe. Hapana jamani. Yale maumbo ni chokaa iliyoachwa na maji yanayodondoka tone kwa tone ndani ya pango, na mazuri kweli, lakini mabaki ya viumbe yako ndani ya mwamba wenyewe, ukutani hapo hapo unapopita, na inaniuma kuona mtu anapita bila kutupia jicho.

Kufika ni rahisi, ni kama kilomita 8 tu toka mjini ukishika barabara ya Mombasa, bodaboda yoyote inapajua. Beba tochi yenye mwanga mkali, chupa ya maji, rula ndogo na ndimu. Viatu viwe vya kushika chini maana kuna sehemu panateleza.

Kabla hujaingia jua unachoangalia. Hili ni jiwe la chokaa la zama za Jurasiki, zama za madinosaria, umri wake unatajwa kuwa kama miaka milioni 150. Enzi hizo Madagaska ilikuwa inaachana na Afrika, bahari ikaingia huku kwetu, basi matumbawe na viumbe wa makombe wakifa maganda yao yanalala chini kwenye tope la chokaa, mengine yanakuja juu yake, uzito ukakandamiza mpaka ikawa mwamba. Pango lenyewe limekuja baadaye sana: maji ya mvua yakichanganyika na kaboni daioksaidi ya hewani na ya kwenye udongo yanapata ukali kidogo, yanapita kwenye nyufa na kulila jiwe pole pole.

Ndimu sasa. Okota kijiwe kilicholegea barabarani huko nje, SIO ukuta wa pango, kikwaruze upate unga kidogo, dondoshea ndimu uinamie kwa karibu. Vikitoka vipovu vidogo vidogo hiyo ni chokaa. Siki nayo inafanya kazi.

Kwenye mwamba, tochi usiielekeze mbele kwa mbele, ilaze pembeni karibu na ukuta ili kila kilichoinuka kitupe kivuli. Ukiwa nje kwenye jiwe lililochafuka vumbi lowanisha kidogo, rangi zinaachana. Usitegemee kombe zima limekaa kama la sokoni, mara nyingi utaona limekatwa katikati, yaani mstari mweupe uliopinda kama ukucha. Matumbawe yanaonekana kama vitundu au vinyota vingi vinavyofuatana. Kwenye miamba ya zama hizi ukibahatika waweza kukuta amonaiti, duara lililojizungusha lenye vyumba vyumba ndani, ndugu wa mbali wa pweza na ngisi, walishatoweka wote. Kinachonisaidia mimi kutofautisha: mchirizi wa maji unafuata mteremko na hauna mpangilio, kiumbe ana mpangilio unaojirudia.

Ukitoka huko pitia Raskazone, pale pwani ya Tanga mjini, maji yakiwa yametoka, uangalie ule mwamba wa matumbawe pwani. Huo nao umejaa viumbe, tena wanaonekana kirahisi zaidi, lakini kwa umri ni mchanga sana ukiuweka pembeni ya Amboni, hata matumbawe yake mengi yanafanana na yaliyo hai baharini leo. Ukitazama yote mawili siku moja jicho linajifunza haraka, watoto hasa.

Nyundo iacheni nyumbani, naomba sana. Amboni ni eneo la urithi linalolindwa, na humo ndani kuna sehemu watu wanafanya tambiko, usiguse vitu vyao. Ukipata kitu cha maana weka rula pembeni, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha kipo wapi, mwonyeshe anayewaongoza, kiache hapo hapo. Kisukuku kikishang'olewa bila kuandikwa kilitoka tabaka gani, mtaalamu hana tena namna ya kukisoma vizuri.

Masika msiende na watoto wadogo, mto Mkulumuzi uko karibu na njia inakuwa tope tupu.