Wikendi ya wawili Lubumbashi: kula kwa msimu, kununua kwa dhamiri

Matembezi mengi ya chakula hapa Lubumbashi, Kongo, huharibikia nyumbani. Wawili wanatoka saa saba mchana, njaa imekwisha kuwashika, mfukoni wana noti moja kubwa ya dola, kichwani wana sehemu nne za kupitia. Saa mbili usiku wanarudi wamekula mara moja tu, tena vibaya, na hawasemeshani. Dawa yake ni kuchagua jambo moja kwa siku: soko, au michopo (nyama ya kuchoma), au safari ya nje ya mji. Mengine yote yafuate hilo.

Kabla ya kuchagua, tazameni kalenda. Kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 3 mvua inanyesha, na pori la miombo linalouzunguka mji linatoa uyoga na vinkubala (viwavi wa kuliwa). Mwezi wa 5 hadi wa 9 ni kiangazi: barabara zinapitika vizuri na mboga za bustani za kumwagilia zipo, lakini uyoga mbichi wa pori hamtaupata. Mkiambiwa upo, huenda ni mkavu uliolowekwa. Mwezi wa 6 na wa 7 bebeni koti hata kama mchana kuna jua. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na meza ya nje saa moja usiku haina huruma.

Samaki naye ana kalenda yake. Mto Luapula na ziwa Moero tunazigawana na Zambia, na Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Miezi hiyo mkikuta samaki mbichi "wa Kasenga", yaani wa mto Luapula, amejaa mezani kwa bei ya chini, ulizeni. Huenda ametoka bwawa la kufugia, na hilo ni jema. Huenda pia amevuliwa kwa wizi, au ni wa barafu aliyeyeyushwa asubuhi. Tilapia mwenye urefu wa kidole mwacheni mwezi wowote: amenaswa na nyavu za matundu madogo kabla hajazaa hata mara moja.

Pesa kwanza

Vunjeni dola siku ya Ijumaa. Noti yenye mpasuko mdogo tu pembeni hukataliwa, na noti ya dola 1 wauzaji wengi hawaitaki kabisa. Sokoni mtahitaji franka za noti ndogo, kwa sababu asubuhi muuzaji hana chenji, na "ngoja nikutafutie" inaweza kula nusu saa. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinasaidia kwenye mikahawa, lakini msizitegemee peke yake. Mtandao ukianguka mtaosha vyombo.

Gaweni pesa mara tatu. Nauli ya kurudi ikae mfuko wa peke yake, isiguswe hata mkiona nini. Fungu la pili ni la kula, la tatu ni la vitu vya kubeba nyumbani. Halafu mmoja aongee bei na mwingine anyamaze. Mama muuzaji akishasikia "mpenzi, hii ni nzuri sana!" bei haishuki tena, na hana kosa. Msalimieni vizuri kabla ya kugusa bidhaa, ongeeni bei kwa utulivu, na mkikubaliana ombeni matabishi (nyongeza ya bure) kidogo. Kumkamua hadi faida yake iishe wakati jioni mtalipa bia mara tatu ya bei hiyo bila neno, hapo hakuna dhamiri.

Jumamosi asubuhi: soko

Fikeni soko la Kenya (mtaa wa hapa mjini) au soko la Mzee Kabila kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Baada ya hapo jua limekwisha kuharibu majani na samaki. Bebeni kitunga na vyombo viwili vyenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kwa amri ya Desemba 2017. Mtaiona ikiuzwa bado, lakini msiwe ninyi wa kuiomba, na uyoga ukiwekwa humo unatoa jasho na kuoza kabla hamjafika nyumbani.

Vinkubala ndivyo vinavyodai macho makali. Chukueni kiganja kimoja na mkimwage kwenye karatasi nyeupe. Vizuri ni vikavu hadi vinalia vikigongana, vizima, havina unga chini. Unga mwepesi kwenye karatasi ni kazi ya wadudu wa ghala. Vunjeni kimoja: ndani kiwe kitupu au kikavu. Kikiwa na uji mweusi, utumbo haukukamuliwa vizuri na mboga yote itakuwa chungu. Kikinusa moshi mkali wa mafuta, kilikaushwa juu ya moto wa haraka na nje kimeungua. Kisha ulizeni vilikusanywaje. Wapo wanaookota chini na kwenye matawi, na wapo wanaokata mti mzima ili wafikie vilivyo juu. Mti huo mwakani hautoi kitu. Muuzaji anayejua kijiji vilikotoka na aina ya mti atawajibu bila kufikiri. Asiyejua amenunua kwa mtu wa tatu, na hapo amueni wenyewe.

Nyumbani, kopo moja linatosha wawili na kubaki. Chambueni vijiti, osheni mara tatu kwa maji ya uvuguvugu hadi mchanga usionekane chini ya bakuli, lowekeni dakika 30, chemsheni dakika 15 na mmwage maji yale. Ndipo mkaange kitunguu, nyanya mbili na pilipili, mwongeze vinkubala na mwache dakika 10. Chumvi iongezwe mwisho, kwa sababu mara nyingi vilichemshwa na chumvi kabla ya kukaushwa. Anayepata mzio wa kamba au kaa aanze na kimoja tu na kusubiri; miili mingine haivitofautishi.

Kwa uyoga, sheria ni fupi. Nunueni kwa mama anayeuza kila msimu mahali pale pale, nunueni lundo la aina moja badala ya mchanganyiko, geuzeni kofia mtazame mabuu, na pikeni siku hiyo hiyo dakika 20 au zaidi. Msiokote wenyewe njiani hata kama unafanana na ule wa sokoni. Ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu, ambao kofia yake inaweza kufika karibu mita moja, ndio rahisi kutambua na mmoja unalisha meza nzima. Wa aina nyingine mwachieni mwenye kuujua.

Kwa kikanda, hapa ndipo wengi hawataki kusikia. Kinauzwa kimekatwa vipande vya kahawia, kitamu, na kinaonekana kama soseji isiyo na nyama. Hutengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi (mimea ya maua) za porini, vilivyokaushwa na kutwangwa, vikapikwa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi hadi vishikane. Kumpata yule okidi ni kumng'oa, na aking'olewa amekufa. Okidi zote zimo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na Tanzania ilianzisha hifadhi ya Kitulo mwaka 2005 yenye okidi hizo hizo ndani. Ushauri wetu: kipande kimoja mgawane, mara moja kwa mwaka, kwenye sherehe. Kununua sinia zima la kupelekea ofisini ni jambo jingine.

Nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi msiiguse. Ikishakuwa nyeusi hamwezi kujua ni mnyama gani, anaweza kuwa kakakuona, na biashara ya kimataifa ya kakakuona imefungwa kabisa. Isitoshe hamjui ilikaa siku ngapi.

Mboga za majani zina swali la kwetu hasa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kobalti nyingi kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Kuosha kunaondoa vumbi. Kilichoingia kwenye jani kupitia mizizi hakiondoki. Kwa hiyo ulizeni bustani iko wapi, na mwepuke zilizo jirani na kiwanda cha kuyeyusha madini, kando ya mfereji wa maji machafu au ukingoni mwa barabara ya malori. Mbadilishe muuzaji mara kwa mara pia, ili msile udongo mmoja mwaka mzima.

Katikati ya mchana

Pelekeni vitu nyumbani kwanza, kisha mtoke tena wepesi. Makumbusho ya taifa yana misalaba ya shaba iliyokuwa pesa huku Katanga kabla ya wakoloni. Saa moja inatosha, ulizeni saa za kufungua siku moja kabla. Halle de l'Étoile, ukumbi wa utamaduni, ina maonyesho na muziki mara kwa mara. TP Mazembe, timu ya mpira, ikicheza nyumbani, ondoeni mtaa wa Kamalondo kwenye ramani yenu: uwanja unaingiza watu 18,500, na baada ya mechi hata manseba (dereva wa pikipiki ya abiria) hapiti.

Kiu ikiwashika, munkoyo. Ni uji mwepesi wa mahindi uliolainishwa na mizizi iliyopondwa. Mizizi ndiyo inayogeuza wanga kuwa sukari, hivyo wa siku ya kwanza ni mtamu bila sukari ya kuongeza. Siku ya pili unachacha, ya tatu una kilevi. Ulizeni ulipikwa lini, na onjeni kabla ya kujaza chupa. Ukiwa mtamu sana siku ya tatu, mtu ameongeza sukari. Ukiwa na barafu ndani, ulizeni maji ya barafu ile yalitoka wapi, au kunyweni usio baridi.

Jioni: michopo

Michopo mizuri huagizwa mapema, na anayeharakisha ndiye anayeharibu. Chagueni nyama ikiwa mbichi: mchanganyiko wa mbavu na paja, mafuta meupe, isiyonata vidoleni. Kilo moja yenye mifupa inatosha wawili, maana mifupa na maji yakitoka mnabaki na kama gramu 600. Ipimwe mbele yenu na bei ikubaliwe kabla kisu hakijagusa.

Tazameni moto. Makala (mkaa) yawe yamefunikwa na majivu meupe, bila mwali. Nyama ianze pembeni dakika 20 hadi 25 ikigeuzwa, kisha katikati dakika 5 ipate rangi. Ikiwekwa katikati tangu mwanzo, mafuta yanadondoka, mwali unapanda, nje inakuwa nyeusi na ndani bado ina damu. Dakika 15 kabla haijaiva agizeni bukari (ugali). Ukija mapema unafanya ngozi juu na kupoa. Pilipili iwekwe pembeni, na mwombe mpishi apunguze kiungo cha kipande cha mchuzi, kwa sababu ndicho kinachotumika kuficha nyama ya jana. Ya jana mtaitambua: kingo zimejikunja na kukauka, na inafika mezani dakika 8 baada ya kuagiza.

Mkitaka Thomson (samaki wa baharini) wa kuchoma, ulizeni kama umeme ulikatika. Samaki huyu hufika amegandishwa, sehemu kubwa kutoka Namibia, na akiyeyuka akagandishwa tena anatengeneza sumu ambayo moto hauiui. Tumbo laini, maji mekundu yaliyoganda chini ya mfuko, macho yaliyozama: kuleni kuku. Uso ukiwaka na mwili kuwasha ndani ya saa moja baada ya kula, acheni kula na mwende kituo cha afya.

Jumapili: nje ya mji

Likasi ni kama kilomita 120, kwa gari saa mbili kukiwa na bahati na malori ya madini. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wekeni franka za peaji (ushuru wa barabara) karibu, hifadheni risiti, bebeni vitambulisho, na mrudi kabla ya giza, kwa sababu lori lililoharibika bila taa ndilo hatari kubwa ya barabara ile. Msipige picha migodi, madaraja wala vizuizi vya polisi. Mjini Likasi mkiuziwa samaki wa ziwa Tshangalele, kumbukeni kwamba ziwa hilo limepokea maji ya viwanda vya Shituru kwa miaka mingi. Agizeni kitu kingine.

Njiani mtaona asali kwenye chupa. Jaribio la kiberiti na la karatasi haliaminiki. Afadhali mwulize mzinga ni wa nini: mzinga wa gome unamaanisha mti umechunwa ukafa, wa mbao hauui mti. Chagueni asali isiyo na povu juu. Povu na harufu ya pombe ni dalili ya maji mengi, itaendelea kuchacha kabatini. Asali iliyoganda chembechembe haijaharibika. Iwekeni chupa kwenye maji ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, dakika 20, itayeyuka. Msiichemshe.